Folda ya pamoja inapokataa: kutatua matatizo ya ruhusa za makundi kwenye seva ya ofisi

Katika ofisi nyingi ndogo za Nairobi, kuanzia sacco zenye vyumba viwili kwenye ghorofa za Tom Mboya hadi mashirika ya kijamii yaliyopanga Upper Hill, nyaraka za pamoja huwekwa kwenye kompyuta moja yenye Linux, ambayo wafanyakazi na wanakamati huifikia ama moja kwa moja ama kupitia Samba, programu inayoziwezesha kompyuta za Windows kufungua folda za seva ya Linux, wakiwa kwenye kompyuta zao za Windows. Kila mtu ana akaunti yake, kila akaunti imo ndani ya kundi moja au zaidi, na kila folda hufunguliwa kwa kundi wala si kwa mtu mmoja mmoja: kamati ya mikopo ina folda yake, wahasibu wana yao, na kamati ya usimamizi husoma za wote bila kuandika chochote. Mpangilio huu ukienda sawa, mtu akihamishwa idara hubadilishwa kundi tu na kila kitu kingine hufuata. Ukiharibika, dalili huwa ni ile ile: simu inalia, na karani anasema, "Fundi, folda imenikataa tena." Nyuma ya sentensi hiyo fupi zinaweza kujificha sababu nyingi zisizofanana hata kidogo.

Jibu la haraka lililozoeleka ni kuandika `chmod -R 777`, yaani kumpa kila mtu ruhusa zote kwenye folda na vyote vilivyomo. Amri hiyo hunyamazisha malalamiko, lakini huacha tatizo lenyewe bila kuguswa na kuzaa jingine kubwa zaidi, kwa kuwa sasa kila mwenye akaunti kwenye seva anaweza kusoma na kubadilisha fomu za mikopo, nambari za vitambulisho na taarifa za mishahara. Nchini Kenya, taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayomtaka mwenye kuzihifadhi amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba zimefikiwa na mtu asiyeruhusiwa, na ukiukaji huo una hatari ya kuwadhuru wahusika. Msimamo wangu ni kwamba ruhusa isipanuliwe kabla ya kujulikana ni swali gani ambalo mfumo umelijibu kwa "hapana", na mwongozo huu wote umepangwa kwa msingi huo.

Jinsi mfumo unavyoamua

Mtu anapotaka kufungua faili, Linux kwanza huuliza kama yeye ndiye mmiliki. Akiwa mmiliki, ruhusa za mmiliki pekee ndizo hutumika na uchunguzi huishia hapo. Asipokuwa mmiliki, mfumo huuliza kama yumo ndani ya kundi la faili. Akiwemo, ruhusa za kundi ndizo hutumika na uchunguzi huishia hapo pia. Asipokuwa katika nafasi hizo mbili ndipo huhesabiwa miongoni mwa wengine. Mpangilio huu haujumlishi ruhusa. Ndiyo maana mmiliki wa faili yenye ruhusa `0460` (mmiliki kusoma tu, kundi kusoma na kuandika, wengine hakuna) hawezi kuiandika ilhali wenzake wa kundi wanaiandika bila shida, jambo ambalo humshangaza kila anayelikuta kwa mara ya kwanza.

Kabla ya kugusa chochote, soma ujumbe wenyewe kwenye skrini, na mwombe aliyepiga simu akusomee neno kwa neno badala ya kukusimulia. "Permission denied" kwa kawaida humaanisha kwamba herufi za ruhusa (`r` ya kusoma, `w` ya kuandika, `x` ya kutekeleza faili au kupita kwenye folda) ndizo zimekataa. "Operation not permitted" mara nyingi humaanisha kwamba kitendo chenyewe hakiruhusiwi kwa mtu huyo hata kama herufi zinaonekana sawa. Kwa mfano, anajaribu kubadilisha ruhusa za faili asiyoimiliki, au faili imefungwa kwa `chattr +i`, ambapo hata root, yaani akaunti ya msimamizi mkuu, hukataliwa na `lsattr` ndiyo itakayokuonyesha hivyo. "Read-only file system" haihusiani na makundi hata kidogo. Umeme unapokatika ghafla, jambo ambalo mitaa mingi ya Nairobi inalijua vizuri, diski yenye ext4, mfumo wa faili unaotumika sana kwenye Linux, inaweza kupata hitilafu, na mfumo, kwa kujilinda, ukaifungua kwa kusoma tu. Hapo kinachohitajika ni kukagua diski kwa `fsck` ikiwa haijafunguliwa, na hakuna ruhusa yoyote itakayosaidia.

Mtu ameongezwa kwenye kundi lakini bado anakataliwa

Hili ndilo tatizo ninalokutana nalo mara nyingi kuliko mengine yote, na ndilo linalowasukuma wasimamizi wengi kufungua folda kwa kila mtu pasipo sababu. Linux haisomi orodha ya makundi kila mtu anapogusa faili. Huisoma wakati mtu anapoingia, kisha huiambatisha kwenye kila programu anayoifungua baada ya hapo. Karani aliyeingia saa mbili asubuhi na kuongezwa kwenye kundi la mikopo saa nne ataendelea kutumia orodha ya saa mbili mpaka atoke na kuingia upya.

Uthibitisho wake ni rahisi. Msimamizi akiandika `id karani1`, ataona orodha iliyohifadhiwa kwenye mfumo. Karani mwenyewe akiandika `id` bila jina, ataona orodha anayoibeba wakati huo. Kundi la mikopo likionekana kwenye ya kwanza na lisionekane kwenye ya pili, sababu imepatikana, na hakuna haja ya kugusa folda.

Dawa ni kutoka kabisa. Kufunga dirisha la amri na kufungua jingine ndani ya eneokazi lile lile hakutoshi, kwa sababu dirisha jipya hurithi orodha ya zamani. Anayetumia `tmux` au `screen`, programu zinazoacha kazi zikiendelea hata baada ya mtu kutoka, anaweza kutoka na kuingia mara nyingi bila mabadiliko, kwa kuwa kila anaporudi huunganishwa na kazi zilizoanzishwa kabla ya mabadiliko. Kwa aliye katikati ya kazi asiyotaka kuiacha, `newgrp mikopo` humfungulia mazingira mapya yenye kundi hilo. Huduma zinazoendeshwa na akaunti za mfumo, kama vile seva ya wavuti inayosoma folda ya ripoti, nazo huhitaji kuanzishwa upya zinapoongezwa kwenye kundi. Na ofisi ikiwa inachukua watumiaji wake kutoka kwenye saraka kuu kupitia SSSD, huduma inayoiunganisha seva na saraka hiyo, orodha inaweza kuwa imehifadhiwa kwa muda kwenye seva yenyewe. Amri ya `sss_cache -E` huiambia iisome upya.

Upande wa pili wa jambo hili ni wa hatari zaidi, na husahauliwa. Kumwondoa mtu kwenye kundi hakumtoi ndani. Mwanakamati aliyeondolewa wakati bado ameingia ataendelea kusoma folda kwa orodha ya zamani, pengine kwa siku kadhaa ikiwa hafungi kompyuta yake. Kwa hiyo, kila unapomwondoa mtu kwenye kundi lenye nyaraka nyeti, mkatie na kazi zinazoendelea kwa `loginctl terminate-user`, kisha utazame `smbstatus` uone kama bado ameunganishwa kupitia Samba.

Mtu amepata kundi jipya na kupoteza mengine yote

Karani amepewa folda ya mikopo leo, na kesho yake analalamika kwamba folda ya mapokezi, aliyoitumia mwaka mzima, imemfungia. Sababu ni karibu daima ile ile: aliyemwongeza aliandika `usermod -G mikopo karani1` akaiacha herufi `a`. Amri hiyo bila `-a` haimwongezi mtu. Huifuta orodha yake ya makundi ya ziada na kuweka hiyo mpya mahali pake. Msimamizi anayejifanyia hivyo mwenyewe anaweza kujitoa kwenye kundi la `sudo`, la wanaoruhusiwa kutumia mamlaka ya root, na kubaki nje ya seva yake.

Faili ya `/etc/group-`, yenye alama ya kistari mwishoni, huhifadhi hali ya orodha kabla ya badiliko la mwisho. Isome mara moja, kabla ya kufanya badiliko jingine litakaloifuta, na urudishe majina yaliyopotea. Tangu hapo tumia `gpasswd -a karani1 mikopo`, ambayo haina namna ya kukosea hivyo.

Ruhusa za folda ni sahihi lakini haifunguki

Ukitazama folda yenyewe utaona kundi ni sahihi na herufi ni sahihi, na mtu yumo ndani ya kundi. Tazama basi njia nzima. Ili kufika `/srv/sacco/mikopo/2024`, mtu anahitaji ruhusa ya kupita, yaani herufi `x`, kwenye kila folda iliyo juu yake, na ikikosekana hata kwenye moja tu, safari huishia hapo. Amri ya `namei -l` ikifuatwa na njia hiyo huonyesha mmiliki, kundi na ruhusa za kila hatua kwa mpangilio, na kwa kawaida kasoro huonekana papo hapo.

Kosa hili hutokea hasa pale folda ya pamoja ilipowekwa ndani ya folda ya nyumbani ya mtu mmoja, kwa kuwa ofisi ilianza na mfanyakazi mmoja na baadaye ikakua. Tangu toleo la 21.04, Ubuntu huunda folda za nyumbani zikiwa na ruhusa `750`, hivyo mtu mwingine hawezi hata kupita. Ofisi iliyohamia seva mpya hugundua kwamba mpangilio uliofanya kazi miaka mingi umekoma bila mtu kubadilisha chochote. Usilegeze folda ya nyumbani. Hamisha nyaraka za pamoja ziende `/srv`.

Tofauti kati ya `r` na `x` kwenye folda nayo inafaa kukumbukwa. Mwenye `r` bila `x` ataona majina ya faili lakini hatazifungua, na mwenye `x` bila `r` ataifungua faili ambayo jina lake analijua lakini hataona orodha.

Kila mtu anaandika, lakini hakuna anayeweza kuhariri kazi ya mwenzake

Mweka hazina ameweka jedwali jipya kwenye folda ya pamoja. Wenzake wanaliona, wengine hata wanalisoma, lakini wakijaribu kuhifadhi mabadiliko wanakataliwa. Msimamizi anarekebisha ruhusa za jedwali hilo kwa mkono, na wiki inayofuata analetewa jingine. Hapa kuna sababu mbili zinazofanya kazi pamoja, na ukiitibu moja tu, malalamiko yatarudi.

Ya kwanza ni kundi la faili mpya. Kwa kawaida, faili hupewa kundi la msingi la aliyeiunda, si kundi la folda ilimowekwa. Kwenye Ubuntu na Debian, kila mtu ana kundi la msingi lenye jina lake mwenyewe na lisilo na mtu mwingine ndani yake, kwa hiyo faili ya mweka hazina ni ya kundi la mweka hazina peke yake. Dawa ni kuiwekea folda alama ya setgid, kwa `chmod g+s`, ili kila kitakachoundwa ndani yake kirithi kundi la folda, na folda ndogo mpya zirithi alama hiyo pia.

Ya pili ni `umask`, yaani herufi ambazo mfumo huziondoa kila faili inapozaliwa. Penye `022`, faili mpya huwa `644`, ambapo kundi linasoma tu. Penye `002` huwa `664`, na penye `007` huwa `660`, ambapo kundi linaandika na wengine hawaoni kitu. Kuwabadilishia watu wote `umask` kunawezekana, lakini hugusa kila faili wanayoiunda popote, na mimi siipendekezi kwa ofisi yenye nyaraka za siri. Bora ni kuiwekea folda yenyewe orodha ya ruhusa za kurithisha kwa `setfacl`, kwa mfano `setfacl -m d:g:mikopo:rwX /srv/sacco/mikopo`, kwa kuwa penye orodha ya kurithisha, mfumo hauitazami `umask` kabisa.

Vyote viwili hutazama mbele tu. Vilivyokuwemo kabla ya marekebisho hubaki vilivyokuwa, na ni lazima virekebishwe mara moja kwa `chgrp -R`, kisha kwa `find` inayotenganisha folda na faili: folda zipewe `2770` na faili zipewe `660`. Usitumie `chmod -R 770` kwa vyote kwa pamoja, kwani utazigeuza hati zote kuwa programu zinazoweza kutekelezwa.

Ukisharekebisha hayo yote na bado faili moja moja zikatokea zikiwa na kundi lisilo sahihi, uliza zilifikaje pale. Faili iliyohamishwa kwa `mv` huja na mmiliki, kundi na ruhusa zake za kule ilikotoka, na setgid haiigusi. Iliyonakiliwa kwa `cp` ya kawaida huzaliwa upya ndani ya folda na hurithi kundi la folda. Makarani wanaoandaa kazi kwenye eneokazi lao na kuihamisha ikikamilika watalileta tatizo hili kila mwisho wa mwezi, na kuwaeleza tofauti hiyo kwa upole kunafaa kuliko kuwarekebishia kila mara.

Herufi zinaonyesha kuandika kunaruhusiwa, lakini kunakataliwa

Tazama kama `ls -l` inaonyesha alama ya kujumlisha mwishoni mwa herufi za ruhusa. Ikiwepo, faili ina orodha ya ruhusa za ziada, na herufi zile tatu za katikati hazionyeshi tena ruhusa za kundi bali kikomo cha juu kwa makundi yote na watu wote waliotajwa kwenye orodha. Kikomo hicho huitwa mask. Kwa sababu hiyo, mtu akiandika `chmod 750` kwenye folda ya namna hiyo akidhani anawafungia wengine tu, atakuwa pia amewanyima uwezo wa kuandika wote waliopewa kwa `setfacl`. Amri ya `getfacl` huonyesha ruhusa iliyoandikwa na, kando yake, neno effective likifuatwa na ile inayofanya kazi kweli. Zikitofautiana, rudisha kikomo kwa `setfacl -m m::rwx`, na uwakataze wasimamizi wenzako kutumia `chmod` kwenye folda hiyo.

Faili zinafutwa na watu wasioruhusiwa kuziandika

Malalamiko haya huja kutoka kwa wahasibu, nayo yana uzito. Faili imewekwa kuwa ya kusoma tu, na bado imetoweka. Kufuta faili ni kubadilisha orodha iliyo ndani ya folda, kwa hiyo kinachotazamwa ni ruhusa ya kuandika kwenye folda, si kwenye faili. Kila mwanakundi mwenye `w` na `x` kwenye folda anaweza kufuta kazi ya mwenzake. Iwapo ofisi haitaki hivyo, folda iwekewe alama ya `t`, ile ile inayolinda `/tmp`, kwa `chmod +t`. Baada ya hapo ni mmiliki wa faili, mmiliki wa folda au root tu anayeweza kuifuta au kuibadilisha jina. Ikiunganishwa na setgid, ruhusa ya folda huandikwa `3770`.

Kwenye seva inakubali, kupitia Windows inakataa

Samba huongeza ukaguzi wake juu ya ule wa Linux, na vyote viwili lazima viafikiane. Ni kama nyumba za kupanga zenye askari langoni: kuruhusiwa na askari hakukufungulii mlango wa nyumba, na kuwa na ufunguo wa nyumba hakukupitishi langoni. Tumia `testparm` kusoma mpangilio unaotumika. Kumbuka kwamba `read only` huwa ni yes isipotajwa vinginevyo, kwamba `valid users = @mikopo` humfungia nje kila asiye kwenye kundi hilo, na kwamba `create mask` isiyobadilishwa ni `0744`, inayoliondolea kundi uwezo wa kuandika hata pale ambapo folda ingeruhusu. Iweke `0660`, na `directory mask` iwe `2770`.

Upande wa Windows, kompyuta huendelea kutumia jina iliyoingia nalo mwanzo. Penye kompyuta moja inayotumiwa na makarani wawili kwa zamu, wa pili anaweza kuwa anafika kwenye seva kwa jina la wa kwanza bila kujua. Amri ya `net use` huonyesha miunganisho iliyopo, na `net use * /delete` huikata yote ili mtu aingie upya kwa jina lake.

Seva zenye SELinux, mfumo wa ulinzi unaotumia lebo juu ya ruhusa za kawaida, kama za jamii ya Red Hat, zina ukaguzi wa tatu: folda inayotolewa kwa Samba inahitaji lebo ya `samba_share_t`, ambayo `ls -Z` huionyesha.

Mfanyakazi mpya anamiliki faili za aliyeondoka

Linux haihifadhi jina la mmiliki kwenye faili, huhifadhi nambari. Akaunti ikifutwa, faili zake hubaki na nambari isiyo na mwenyewe. `useradd` humpa mtu mpya nambari inayofuata ile kubwa kuliko zote zinazotumika, kwa hiyo aliyefutwa akiwa ndiye aliyeongezwa mwisho, anayekuja baada yake atapewa nambari ile ile, na pamoja nayo faili zote za mwenzake, zikiwemo zile ambazo hakustahili kuziona. Ukisikia mfanyakazi wa juma la kwanza anasema ameona nyaraka za mtu aliyeacha kazi, anza hapa.

Usifute akaunti za wanaoondoka. Zifunge kwa `usermod -L -e 1`, kwa sababu `-L` peke yake huzuia nenosiri tu na humwacha mwenye ufunguo wa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, akiingia kama kawaida, kisha uzime na akaunti ya Samba kwa `smbpasswd -d` na umwondoe kwenye makundi yote. Pale ambapo akaunti zilishafutwa, `find /srv -nouser` itakuorodheshea faili zilizobaki bila mmiliki. Wape umiliki wa faili hizo wanaohusika kwa `chown` kabla ya kumfungulia akaunti mfanyakazi anayefuata.